Mambo Yamkurubishayo Kijana na Saratani ya Korodani

Saratani nyingi huwaandama watu waliokwisha kula chumvi nyingi, na kwa sababu hiyo kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye afya yake na nguvu zake, hulisikia jina la maradhi hayo akadhani ni habari ya babu yake wala si yake. Saratani ya korodani inakwenda kinyume cha kawaida hiyo, kwani wengi wa wanaopatwa nayo ni wanaume walio baina ya miaka 15 na 40, umri wa kusoma, wa kuoa, wa kuanza kazi na kujenga nyumba, na umri ambao mwanamume hana desturi ya kumwendea tabibu mpaka abebwe. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanaume wapatao 74,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na waliofariki kwayo walikuwa 9,000 na ushei. Tofauti iliyopo baina ya hesabu hizo mbili yaonyesha wazi kwamba haya ni maradhi yenye dawa, na ndiyo maana huzuni huwa kubwa zaidi anapokufa kijana ambaye angefika mapema angepona.

Mtu akipatwa na maradhi ya sehemu ya siri, swali la kwanza linalomjia moyoni, na pengine linalowajia jirani zake kabla yake, ni hili: amefanya nini? Napenda kulijibu kabla ya mengine yote, maana limewafunga wengi vinywa. Walio wengi hawakufanya lolote. Mambo yajulikanayo kumkurubisha mwanamume na saratani hii yamo zaidi katika kuzaliwa kwake na nasaba yake kuliko katika mwenendo wake, kwa hiyo sitawaorodheshea wasomaji maovu ya kuachwa, bali alama za kutambuliwa. Na mojawapo ya alama hizo, iliyo kubwa kuliko nyingine zote, haimo mikononi mwa kijana mwenyewe hata kidogo, imo mikononi mwa mama na baba wakati yeye angali akivishwa winda.

Kuifahamu alama hiyo yatupasa kujua kwanza korodani zimetoka wapi. Mtoto wa kiume anapoumbwa tumboni mwa mama yake, korodani zake hazianzii pale tunapozikuta, bali huanzia ndani ya tumbo lake, juu, karibu na mafigo, kisha katika miezi ya mwisho ya mimba hushuka polepole, zikapita katika njia nyembamba iliyoko kwenye kinena, mpaka zikatulia ndani ya mfuko wake, mahali penye joto pungufu kwa nyuzi mbili hata nne kuliko la mwili, kama kazi yake inavyohitaji. Si kila korodani hufika. Katika kila watoto mia wa kiume wanaozaliwa miezi yao ikiwa imetimia, watatu hivi huzaliwa korodani moja au zote mbili zikiwa hazijashuka, na kwa wale waliozaliwa kabla ya wakati idadi huzidi sana, hata ikakaribia mmoja katika kila watatu. Kwa wengi wao zitashuka zenyewe katika miezi ya mwanzo ya maisha. Lakini ikishatimia miezi sita na bado haijaonekana, tumaini la kushuka kwa hiari yake ni dogo mno, na mtoto huyo yafaa aonwe na daktari mpasuaji ili korodani ishushwe na kushonwa mahali pake, ikiwezekana kabla hajatimiza mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Kwa nini haraka hiyo, na mtoto hana maumivu, anacheza na kunyonya kama wenzake? Kwa sababu mwanamume aliyezaliwa na korodani isiyoshuka huwa na hatari ya saratani hii iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenzake, na muda anaoachwa katika hali hiyo una uzito wake. Nchini Sweden wataalamu waliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kwa ajili ya tatizo hili, wakatangaza matokeo yao mwaka 2007: waliopasuliwa kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na hatari iliyozidi kidogo mara mbili ya watu wa kawaida, na waliocheleweshwa mpaka umri huo au baada yake, hatari yao ilizidi mara tano. Upasuaji, basi, hauifuti hatari yote, lakini huipunguza. Tena huilinda mbegu ya uzazi. Na zaidi ya hayo huiweka korodani mahali ambapo mkono unaweza kuigusa, maana uvimbe uotao ndani ya tumbo hauna atakayeuona mpaka umekuwa mkubwa.

Hapa nawasemesha akina mama na mayaya, kwa kuwa ndio wanaomwogesha mtoto. Mnapomwogesha mtoto huyo kwa maji ya uvuguvugu, wakati ametulia na mwili wake umelegea, tazameni mfuko, mpapase kwa upole kwa ncha za vidole, mjue kama ziko mbili. Wako watoto ambao korodani zao huwa na tabia ya kupanda juu kwa baridi au kwa kuguswa ghafula, kisha zikateremka penye joto, na hilo si maradhi, ila daktari na aambiwe, kwani chache katika hizo huja zikapanda zisiteremke tena. Isiyoonekana kabisa, si kwenye maji ya moto wala usingizini, hiyo ndiyo ya kupelekwa hospitali. Yapo mazoea ya kusema kwamba mtoto akikua itashuka, au akibalehe, au akioa. Maneno hayo husemwa kwa nia njema na wazee tunaowaheshimu, lakini yamewapotezea watoto wengi wakati ambao haurudi.

Mila yetu ya jando yatupa fursa ambayo mataifa mengine hayanayo, na nasikitika kuona tunaiacha ipite bure. Siku ya kutahiriwa mtoto ni siku ambayo mwili wake hutazamwa na mtu mzima mwenye ujuzi, awe mganga wa zahanati au ngariba aliyefunzwa, nami natamani kila atahiriye, kabla ya kushika chombo chake, ahesabu korodani na kumwambia baba alichokiona. Na iwapo tundu la mkojo halipo kwenye ncha bali liko chini ya uume, basi asitahiri kabisa, kwa sababu daktari mpasuaji huihitaji ngozi ile ile ya govi kulitengeneza tundu. Na hali hiyo pia imo katika zile zinazohusishwa na saratani ya korodani, kana kwamba mambo haya mawili, pamoja na korodani isiyoshuka na udhaifu wa mbegu za uzazi, yote yana asili moja katika maumbile ya mtoto tumboni.

Dhana hiyo ya asili moja haikuzushwa hivi hivi. Mwaka 1972 tabibu wa Copenhagen, Niels Skakkebæk, alieleza habari za wanaume wawili waliokuwa wakichunguzwa kwa kukosa mtoto, ambao katika vipande vya korodani zao alikuta chembe za ajabu zilizotulia mahali pamoja. Baadaye wote wawili walipatwa na saratani. Tangu hapo imefahamika kwamba saratani nyingi za korodani hutanguliwa na chembe za namna hiyo, na inaaminiwa kwamba chembe hizo ni masalio ya utotoni, pengine ya tumboni mwa mama, zilizokataa kukomaa zikakaa kimya mpaka balehe ikaziamsha. Kwa hiyo mwanamume anayehangaika kutafuta mtoto, akapimwa manii yakaonekana na mbegu haba sana, asiridhike kuandikiwa dawa na kwenda zake, bali aombe korodani zenyewe zitazamwe. Mzigo wa utasa ni mzito wa kutosha, lakini mara moja moja ndio uliomfikisha mtu kwa tabibu kwa wakati.

Nasaba nayo ina sehemu yake. Mtu ambaye baba yake alipatwa na saratani hii ana hatari ipatayo mara nne ya watu wengine, na aliyepatwa ndugu yake wa tumbo moja hatari yake huongezeka hata mara nane au zaidi. Hesabu hizi hutisha zikisemwa peke yake, kwa hiyo ni haki niongeze kwamba maradhi yenyewe ni machache, na kichache ukikizidisha mara nane bado ni kichache: ndugu walio wengi wa wagonjwa hawatapatwa kamwe. Aliyekwisha kuugua korodani moja ndiye anayepaswa kujiangalia kuliko wote, kwa kuwa ile iliyobaki huweza kuugua nayo miaka mingi baadaye, ingawa wanaofikwa na hilo hawazidi wachache katika kila mia.

Kuna jambo jingine ambalo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, nalo ni tofauti za mahali. Denmark na Norway zimekuwa miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi kupita zote, hali Finland, jirani yao, kwa miaka mingi ilikuwa na wachache zaidi. Wafini waliohamia Sweden wakiwa watu wazima walibaki na hatari ya kwao walikotoka, lakini watoto waliowazaa huko walifuata hatari ya Waswidi. Tena wanaume waliozaliwa Denmark wakati wa vita vya pili vya dunia walipatwa na maradhi haya kwa uchache kuliko ilivyotarajiwa. Mambo hayo yote yanaelekeza kidole kwenye maisha ya mama na mazingira ya mimba, ijapokuwa kitu chenyewe kilichokuwamo hakijathibitishwa. Afrika na Asia hatari ni ndogo, na hata Marekani mtu mweusi hupatwa mara nne au tano pungufu ya mweupe. Hiyo ni rehema, lakini ina madhara yake, maana daktari asiyeona ugonjwa mara kwa mara huchelewa kuufikiria, na mgonjwa aliyeambiwa kwamba ni maradhi ya Wazungu hataufikiria kabisa.

Na sisi wa pwani tunalo la kutuchelewesha zaidi, nalo ni busha. Kutoka Lamu hadi Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba, mwanamume mwenye mfuko uliovimba amekuwa ni jambo la kuonekana kila mtaa kwa vizazi na vizazi, na watu wameambizana kuwa huletwa na kunywa madafu kupita kiasi, hali kumbe aletaye ni mbu, anayempandikiza mtu minyoo midogo ya matende, ikaziba njia za maji ya mwili mpaka yakajaa kuizunguka korodani. Kwa kuwa busha tumelizoea, kila uvimbe wa hapo huitwa busha, au huitwa mshipa, au ngiri, na mwenyewe huambiwa avumilie, wenzake wameishi nalo miaka arubaini. Basi tutofautishe. Busha huwa laini na lenye maji, hukua kwa miaka, na aghalabu humpata mtu aliyekwisha pevuka kiumri. Ukimulika kwa tochi gizani mwanga hupenya. Ngiri huteremka kutoka kinenani, na mara nyingi hurudi ndani mtu akilala chali. Uvimbe wa saratani ni mgumu, umeshikamana na korodani yenyewe, na kwa kawaida hauumi. Kutouma kwake ndiko kunakowadanganya watu, kwani tumezoea kuyapima maradhi kwa maumivu. Lakini hata tochi isiaminiwe peke yake, maana saratani nayo huweza kukusanya maji pembeni yake ikajificha nyuma ya busha. Uvimbe mpya wa kijana wapaswa upigwe picha ya altrasaundi, bila kujali jina ulilopewa nyumbani.

Na hapa pana onyo ambalo nalisema kwa sauti kubwa kadiri karatasi inavyoruhusu: asikubali mtu yeyote kuchomwa sindano au kuchanjwa kwenye mfuko ili kutoa maji kabla ya kupigwa picha hiyo. Korodani, kwa vile ilianzia karibu na mafigo, bado inapeleka maji yake huko huko juu, kwenye matezi ya ndani ya tumbo, lakini ngozi ya mfuko inapeleka kwenye matezi ya kinena. Achomaye uvimbe wa saratani kupitia ngozi ile huweza kuifungulia njia ambayo haikuwa nayo. Kwa sababu hiyo hiyo daktari ajuaye kazi yake hachukui kipande kwa sindano, bali hukata kinenani na kuitoa korodani nzima kutokea juu. Na kwa sababu hiyo pia saratani iliyosambaa huweza kuanza kwa maumivu ya mgongo, si ya korodani, kijana akapakwa dawa za kuchua miezi mitatu kabla hajaulizwa habari za chini.

Kuna madai ambayo sikuyapa nafasi mpaka sasa, nayo nitayapitia upesi. Kupanda baiskeli hakuleti saratani hii, wala nguo za kubana, wala kufunga uzazi. Kupigwa na mpira hakuileti, ila mara nyingi humfanya mtu ajipapase akaukuta uvimbe uliokuwapo tangu zamani. Kijana asiambiwe kuwa ni malipo ya kujichua au ya uzinzi. Hakuna ushahidi wa hilo, na maneno hayo humfanya afiche. Virusi vya ukimwi huongeza hatari kwa kiasi kidogo. Kuhusu bangi, uchunguzi kadhaa uliofanywa Marekani umeona kuwa waivutao mara kwa mara kwa miaka mingi wamepatwa zaidi na aina moja ya saratani hii, na ingawa uhusiano peke yake haumalizi ubishi, mimi nisingemshauri mwanangu angojee ubishi huo uishe.

Je, kila mwanamume ajikague? Jopo la wataalamu wa Marekani lililotoa ushauri wake mwaka 2011 halikuona faida ya kuwapima kwa utaratibu vijana wote wasio na dalili, na hoja yao ina uzito, kwa sababu maradhi ni machache na hofu ni rahisi kuenea. Hata hivyo naona kwamba yule aliyezaliwa na korodani isiyoshuka, au mwenye baba au ndugu aliyeugua, au aliyekwisha kuugua mwenyewe, anafanya busara kujipapasa mara moja kwa mwezi. Na wengine wote inatosha wajue mwili wao ulivyo ili wajue ulipobadilika. Wakati mzuri ni baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea. Ishike kila korodani baina ya dole gumba na vidole viwili, uizungushe taratibu bila kubinya. Ni kawaida moja kuning'inia chini kuliko nyingine, na moja kuwa kubwa kidogo, na nyuma yake utaugusa mrija laini uliojikunja, ambao vijana wengi wameuogopa bure. Kinachohitaji tabibu ni kijiwe au ugumu usiokuwapo, au korodani kuongezeka ukubwa, au uzito wa kuvuta, au maji yaliyojaa ghafula, au matiti kuvimba kwa mwanamume bila ya sababu. Maumivu makali ya ghafula ni habari nyingine kabisa: huenda korodani imejisokota, na hiyo si ya kungoja hata asubuhi, kwani saa sita zikipita huweza kufa. Na aliyepewa dawa za uambukizo akazimaliza, na uvimbe bado upo, arudi. Asinunue dozi ya pili dukani.

Kuona haya ni sifa njema, nami ni wa mwisho kuidharau. Lakini wanazuoni wa sheria ya dini walikwisha sema tangu kale kwamba dharura huyahalalisha yaliyokatazwa, na tabibu amtazamaye mgonjwa kwa kadiri ya haja yumo katika ruhusa hiyo. Mwenye kuona vigumu kuanza, aseme sentensi moja tu kwa daktari: nimeona uvimbe kwenye korodani, nataka upimwe. Atapigwa picha, atatolewa damu kutafuta alama tatu, mojawapo ikiwa ni homoni ile ile ipimwayo kwa mwanamke mjamzito, kisha atapelekwa kwa mpasuaji, na pengine baadaye kwenye hospitali zenye wataalamu wa saratani, kama Ocean Road ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi au Mulago ya Kampala.

Na anakoelekea siko gizani. Kabla ya miaka ya sabini, saratani hii ikishasambaa ilikuwa inapona kwa mmoja katika kila kumi. Mwaka 1974, mjini Indianapolis, Dkt. Lawrence Einhorn alianza kuwapa wagonjwa dawa ya sisplatini pamoja na nyingine mbili, na hali ikageuka hata leo wanaopona miongoni mwa walioenewa na maradhi ni wanane hivi katika kumi, na walioyawahi yakiwa bado ndani ya korodani karibu wote hupona. Wapenzi wa kandanda wamemwona Sébastien Haller, aliyegunduliwa kuwa na uvimbe huu Julai 2022 alipokuwa ndiyo kwanza amejiunga na Borussia Dortmund: alipasuliwa mara mbili, akapewa dawa kwa awamu nne, akarudi uwanjani Januari 2023, na tarehe 11 Februari 2024 mjini Abidjan akaifungia Ivory Coast bao lililoishinda Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika.

Yabaki mambo mawili ambayo mgonjwa huona aibu kuyazungumza. Korodani moja iliyo nzima hutosha kwa kawaida kwa nguvu za kiume na kwa uzazi, na mke aambiwe hivyo mbele ya daktari, wote wawili wakiwapo. Lakini dawa za saratani huweza kuzidhoofisha mbegu, kwa hiyo mwenye kutaka mtoto aulize habari za kuhifadhi manii kabla dozi ya kwanza haijaingia mshipani, na palipo na huduma hiyo afanye. La pili ni kuwaambia ndugu zake wa kiume na wanawe, kwa jina la ugonjwa lilivyo, si kwa kusema kwamba alifanyiwa operesheni ndogo ya ngiri. Maana mdogo wake wa miaka kumi na minane ana haja ya kuijua habari hiyo mwaka huu.